Sufuria Mbili za Fundi Rangi

Mtaa mzima ulimwita Fundi Rangi, na jina hilo alilitolea jasho. Macho yalipomwachisha cherehani, hakukubali kukaa bure. Alianza kuchemsha kila kilichompitia mbele: maganda ya vitunguu, majani ya mpera, manjano, mpaka majirani wakawa wanayachungulia maua yao kila asubuhi kama bado yapo. Vitambaa vingine vilitoka vizuri ajabu, vingine vilitoka na rangi ya maji ya kuoshea vyombo. Vyote alivianika kwa majivuno yaleyale.

Uani alipanda pia dawa zake, mchaichai, mrehani na nyinginezo, ambazo kwa maneno yake zilitibu kila kitu isipokuwa ubishi. Mgonjwa wake alikuwa mmoja tu, mdogo wake, aliyeishi chumba cha nyuma na kukohoa mwaka mzima.

Sasa sikiliza kosa lenyewe. Sufuria zilikuwa mbili, zimefanana kama mapacha, moja ya rangi na moja ya dawa. Ile ya rangi aliifunga utepe mwekundu sikioni ili asichanganye. Siku moja akauona utepe umepauka. Fundi mzima wa rangi, na utepe wake umepauka! Akaufungua autie rangi upya. Kesho yake, katika haraka zake, akachemshia dawa katika sufuria iliyokuwa imelowekewa misumari yenye kutu ndani ya siki, maji yale ya kukolezea rangi nyeusi. Alikuwa ameisuuza mara moja tu.

"Dada, leo dawa yako ina ladha ya misumari," mdogo wake alisema.

"Kunywa, acha kudeka."

Akanywa yote.

Siku ya nane akafariki. Daktari alisema ni mapafu, yalikuwa yamechakaa siku nyingi. Lakini daktari hakuambiwa habari za kikombe kile. Fundi aliligundua kosa siku ya mazishi, alipoishika sufuria awachemshie wageni chai, akaona weusi umeng'ang'ania chini. Aliirudisha ilipokuwa na kufunga mdomo.

Tangu hapo nyumba haikutulia. Kila saa nne asubuhi, saa ya dawa, kikohozi kilisikika chumba cha nyuma, mara mbili, kisha kimya. Wageni hawakukisikia. Alikitoa kitanda, akafunga mlango kwa kufuli, na bado kikohozi kikaja. Hata vitambaa vya manjano matupu vilianza kutoka na doa jeusi katikati. Usimcheke. Aliogopa kweli, akawa anakula amesimama, mgongo ukutani, asiupe kisogo mlango ule.

Ndipo asubuhi moja akaja binti wa marehemu, mtoto wake mgongoni, anakohoa.

"Mama mkubwa, naomba unipikie ile dawa ya mama. Vidonge vya hospitali huyu anavitapika vyote."

Fundi alikuwa ameshachuma majani, yako kiganjani. Sufuria ya dawa aliijua sasa, hakukuwa na hatari yoyote. Angepika, angeshukuriwa, na siri ingebaki yake. Akisema, huenda akampoteza binti huyu, na hakuwa na ndugu mwingine aliyebaki duniani. Kikohozi kikasikika nyuma, mara mbili. Mtoto alikuwa amelala kimya.

"Sikupikii," alisema, na sauti yake ikamtisha mwenyewe. "Mimi nilimnywesha mama yako kutu."

Akaeleza yote, utepe, siki, misumari, hata lile neno la acha kudeka. Majani yalikuwa yamepondeka mkononi alipomaliza.

Binti alifungua kanga, akamfunga mtoto upya, taratibu, kama mtu anayetafuta pa kuanzia.

"Mama alijua," alisema. "Alinipigia siku ileile, anacheka mpaka anakohoa. Nikasema nitakupigia nikuseme. Akanikataza kabisa. Akasema, 'Ukimwambia ataacha kunipikia, na asiponipikia haingii chumbani kwangu.'"

Akaaga kwa adabu, akaelekea hospitali tena na mtoto wake.

Fundi alibaki uani, akijaribu kukumbuka siku moja, hata moja, aliyoingia chumba kile bila kikombe mkononi. Alisimama pale mpaka jua likamhama, na hakuikumbuka.