Mama Jocelyne na Anwani ya Shimo

Bilonda Jocelyne alizaliwa Kapata, mtaa wa Kolwezi, kwenye zile nyumba za kampuni ya madini zilizopangwa mistari. Baba yake, Tata Kalonji, alikuwa karani wa mizani. Mwaka 1993, watu wenye asili ya Kasai walipofukuzwa Katanga, familia nzima ilipandishwa treni pamoja na magodoro yake. Jocelyne alikuwa na miaka kumi. Wengine walipookoa masufuria, Tata Kalonji aliokoa kalamu zake, na mkewe alimnunia hadi Mwene-Ditu, huko Kasai.

Alipokuwa mtu mzima Jocelyne alirudi Kolwezi, akaolewa, akapata ukarani katika depo moja iliyonunua kobalti kwa wachimbaji. Kazi yake ilikuwa kujaza fomu. Kampuni za ng'ambo zilitaka kujua kila gunia limetoka shimo gani, limechimbwa na nani, na kama kuna watoto shimoni. Aliipenda sana kazi hiyo, maana ilimpa ruhusa ya kuulizauliza.

Mwaka 2019 bei ikaanguka. Kisha wanajeshi wakawatimua wachimbaji kutoka eneo la kampuni moja kubwa, na depo nyingi zikafunga milango. Ajabu ni kwamba kwa patro wake, yaani bosi wake, Stany Kalumba, magunia yaliendelea kuingia, manne au matano kila asubuhi kabla Jocelyne hajafika kazini.

"Patro, hii inatoka wapi?"

"Inatoka chini ya udongo, mama. Unawaza inaanguka toka mbinguni?"

Basi Jocelyne akaandika: Mahali, chini ya udongo. Stany akasaini bila kusoma. Alipokuwa akisaini, kitu pekee alichokitazama ni jinsi mkia wa saini yake ulivyojikunja.

Baada ya wiki mbili wanunuzi wakarudisha fomu zote kumi na moja. Walitaka jina la shimo na namba zake za satelaiti, zile zinazoonyesha mahali lilipo.

"Andika ya koperative!" Stany alifoka, akimaanisha shimo halali la ushirika wa wachimbaji.

"Shimo ya koperative imejaa maji, patro. Hakuna mutu anachimba kule."

"Basi andika yoyote! Bale bantu ba ng'ambo habawezi kufika huku."

Siku iliyofuata patro alishikwa na malaria, na Jocelyne akampelekea karatasi nyumbani. Akiwa kwenye geti la buluu, akisubiri mbwa afungwe, akatoa simu akanakili namba za mahali pale pale aliposimama. Jina la shimo akaandika Carrière Stany, yaani machimbo ya Stany. Penye swali la watoto akawahesabu wa patro, akaandika: watatu, wote wanasoma. Patro akasaini akitetemeka kwa homa, na Jocelyne akacheka peke yake njia nzima.

Alitarajia fomu irudishwe, patro aone haya, yaishe. Badala yake alikuja mkaguzi wa wanunuzi, Mama Simone, mtu wa maneno machache kutoka Lubumbashi. Stany, aliyekwisha kupona, akapanda gari la mkaguzi kwa furaha, akidhani wanakwenda kwenye lile shimo la koperative, ambako maji yangeficha uongo wake. Jocelyne alikaa nyuma. Gari lilipoingia mtaa wa patro, Stany akasema, "Chauffeur, umepotea."

"Hapana, tata. Simu inasema ni hapa," dereva akajibu, akasimama kwenye geti la buluu.

Jocelyne akafungua mdomo kuungama kwamba namba zile aliziandika kwa mzaha. Hakuwahi. Mke wa patro, Mama Blandine, alitoka na kanga begani, akamwona mumewe na wageni wenye makabrasha, akadhani wanunuzi wapya wamefika.

"Karibuni! Muingie. Shimo iko mu salon. Muangalie tu kamba, musianguke."

Stany alitazama viatu vyake.

Sebuleni, makochi yalikuwa yamesukumwa ukutani. Pale ambapo meza ingekuwa palikuwa na shimo la kwenda chini mita tisa, na Omer, mmoja wa wale waliotimuliwa na wanajeshi, alikuwa akipanda na gunia mgongoni. Akamsalimia kila mtu kwa adabu.

Mama Simone akafungua kabrasha. "Nimesoma fomu arobaini za depo hii," alisema. "Ni hii moja tu ambayo inasema kweli."

Depo ilifungwa miezi mitano. Stany alilazimika kufukia sebule yake kabla ukuta haujaanguka, na hadi leo anaamini Jocelyne ana wapelelezi. Kilichomuuma Jocelyne ni Omer, aliyefukuzwa mara mbili kwa mwaka mmoja. Alimfuatilia karatasi zake katika koperative mpaka maji yalipovutwa na akapewa kadi ya mchimbaji.

Depo ilipofunguliwa tena, Stany alimrudisha kazini, akamnunulia na buti ili akayaone mashimo kwa macho yake. Sasa patro husoma kila fomu, mstari kwa mstari, kidole kikifuata maneno. Inamchukua asubuhi nzima.