Jina la Léontine Jukwaani

Tangu amzae Heshima, Léontine hakuitwa tena kwa jina lake. Kanisani ni Mama Heshima, nyumbani kwa mumewe Zénon ni Mama Heshima. Waswidi wa ofisi alizosafisha katika mtaa wa Kista walilitaja jina hilo, ila kama wanaosoma kitambulisho.

Basi mwaka ule jumuiya ya Wakongo wa mtaa wa Vårby gård ikaamua kuigiza komedi ya Kifaransa ya zamani sana. Humo watumishi wanacheza mchezo wa mapenzi kwa majina yao ya kweli: mwanamume anajifanya kumtongoza mwanamke mwingine, mchumba wake anawaka wivu, mwisho mwanamume anamrudia mchumba. Kambale, kiongozi wa kwaya, ndiye aliyegawa nafasi: Zénon atongoze, Josiane, mwanakwaya mwenzao, atongozwe, Léontine awe mchumba, kila mmoja kwa jina lake mwenyewe.

Alifurahi, msimcheke. Mwishoni Zénon alitakiwa kumshika mkono na kusema, "Léontine, ni wewe tu." Kwa neno hilo moja alivumilia mazoezi yote.

Mazoezini Zénon alilitaja jina la Josiane taratibu, kama anayeonja chai ya moto. Zamu ya mkewe ikifika, linamtoka "Mama Heshima", watu wanacheka.

"Nimezoea," Zénon alisema.

Kuzoea! Hata kiti mtu hukizoea. Wakati wa mapumziko Zénon ndiye aliyempelekea Josiane kahawa, bila sukari, wala hakumwuliza anainywaje. Kikulacho ki nguoni mwako, na Léontine akaanza kulala macho wazi.

Jumamosi ya Novemba ukumbi ulijaa. Zénon akamshika mkono. "Léontine," akasema, vizuri mno, sauti imelainika, "ni wewe tu." Akina mama wakapiga vigelegele. Lakini macho yake yalipita juu ya bega la mkewe, na Léontine alijua ni nani aliyesimama nyuma yake.

Lilibaki neno lake la kufunga mchezo. Akanyamaza.

"Nimekusamehe," Kambale akamnong'onezea nyuma ya pazia, akidhani amesahau.

Heshima alikaa kiti cha mbele, anatabasamu. Ukumbi mzima ulimngoja mama yake.

"Nimekusamehe," akasema.

Kwenye treni ya metro ya kurudi Zénon alikuwa mwepesi kabisa, akipiga mluzi. "Umeigiza vizuri, Mama Heshima."

"Asante," alijibu. Aliyokusudia kumwambia usiku huo juu ya Josiane alikwisha kuyafuta mwenyewe kwa neno lile la msamaha, mbele ya mashahidi.