Pikipiki Yangu ya Kwanza Ilinuka Mzoga

Mpya. Bado inang'aa, bado ina nailoni ya dukani. Na inanuka mzoga.

Sisemi harufu ya mafuta. Sisemi mpira kuungua. Nasema mzoga, ule unaokutemesha mate kabla hujajua unanusa nini.

Na mimi kazi yangu ni mikate.

Naoka alfajiri, napakia kreti nyuma ya kiti, napeleka jiko la chuo. Mteja wa maana ni huyo mmoja, wengine ni wa kuokoteza. Zamani nilikuwa nasukuma mkokoteni. Mikate inafika imepoa, na mkuu wa jiko ananipokea kama nimekuja kuomba.

Ndipo nikanunua pikipiki. Ile ya bei ya chini kabisa dukani.

Shemeji yangu, mume wa dada, alicheka mpaka akakaa chini. Tunaishi ua mmoja, wao vyumba vya mbele, mimi chumba cha nyuma na tanuri langu. Mtaani wanamwita Mtaalamu, maana hakuna jambo asilolijua. Ana lipikipiki likubwa, limefunikwa turubai pembeni ya ua, na hakuna mgeni aliyewahi kunywa chai pale bila kusimuliwa habari zake.

"Shemeji, umeliwa," akaniambia. "Hii si pikipiki. Hiki ni kiberiti kimewekewa magurudumu."

"Ndiyo kwanza naanza, shemeji. Nikianguka nacho, nitakiinua mwenyewe."

"Anayeanza anatakiwa aanze na chuma! Mimi hata unilipe, sikalii takataka hii. Watu watanionaje?"

Jina likaganda. Kiberiti.

Niseme ukweli, Kiberiti kilinifunza. Nilianguka nacho kwenye mchanga, nikakiinua, nikajipangusa, tukaendelea na safari. Gia nilijifunzia hapo, breki hapo hapo, na mafuta kilikuwa kinalamba tu. Nilikipenda hadi nikakataa kuitoa ile nailoni ya kiti. Nani anatoa nailoni? Si ndiyo upya wenyewe? Kuna watu mtaani kwetu makochi yao yana nailoni mpaka watoto wameoa.

Kisha harufu ikaanza.

Mwanzo kidogo tu, jua likiwaka. Baadaye kila siku. Nikaosha kwa sabuni, ikazidi. Nikaosha kwa limau, ikazidi tena. Nikawa nasimama njiani kutema mate. Mchana nikijilaza, naisikia puani kana kwamba tumelala kitanda kimoja.

Nikaenda kwa fundi. Akanusa injini, akanusa bomba la moshi, akakunja uso.

"Plastiki za bei rahisi hizi, dada. Zikipata moto zinanuka. Zoea."

Nilipomwambia Mtaalamu, alifurahi kama aliyeletewa posho.

"Si nilikwambia? Rahisi ni ghali. Kiuze mapema, shemeji. Nina mtu wangu, hachagui. Atakuondolea balaa."

Asubuhi moja mkuu wa jiko akafunua kreti, akatoa mkate, akauleta puani. Ni mama asiyepandisha sauti. Hata siku hiyo hakuipandisha.

"Mama Mikate, hii umeibeba pamoja na nini?"

"Iko peke yake, mama."

"Rudi nayo yote. Kesho ukija na harufu hii, usipite hata getini. Wanafunzi wangu siwalishi uvundo."

Nilirudi na kreti imejaa. Nililia ndani ya helmeti, na kila nikivuta pumzi ya kulilia, navuta mzoga. Nikaapa. Nakiuza leo leo.

Sasa, cha kuuzwa lazima kipendeze. Nikakisugua chote. Nilipofika kwenye kiti nikaona nailoni imegeuka njano, na kwenye mshono imechanika. Nikasema acha niitoe, mnunuzi akute kiti kipya. Nikaleta kisu cha mikate, nikapasua.

Jamani.

Nilirudi nyuma bila kupenda. Nikatapika palepale, kwenye ndoo ya kuoshea. Chini ya nailoni kulikuwa na ute wa kijivu, sponji imelowa chapachapa, na funza wanajinyonganyonga kama wameamshwa mapema. Kumbe kila nilipoosha, nilikuwa nawanywesha maji. Na pale kwenye mshono yalikuwa yanametameta magamba ya samaki.

Magamba! Mimi, ambaye sijawahi kupakia hata dagaa.

Dada akatoka mbio kwa kelele zangu, tepu ya kupimia nguo shingoni. Akaona. Mkono ukaenda mdomoni.

"Dada, nani kabeba samaki kwenye pikipiki yangu?"

Akageukia lile turubai pembeni ya ua.

"Mume wangu alisema anakwenda na lile lake."

Kila wiki Mtaalamu alikuwa anatuletea samaki kutoka mnadani, nje kabisa ya mji. Wengine anauza, wengine tunakula. "Chuma changu hakichoki," anasema huku anachambua miiba. Saa hizo za mnada dada yuko kwenye cherehani, mimi nimelala kufidia alfajiri, na ufunguo wangu uko kwenye msumari jikoni kwao. Niliuacha pale kwa usalama!

Nikakifuata kile chuma. Nikafunua turubai.

Kuku wa dada akanidonoa. Alikuwa ameatamia mayai kati ya injini na gurudumu. Tairi zimelala chini, mnyororo ni kutu tupu.

Halafu nikakumbuka jambo baya zaidi. Wale samaki nilikuwa nawala. Jumapili iliyopita tu nimelamba vidole, nikasema, "Shemeji, hawa leo wamekolea!"

Nikarudi kwenye ndoo.

Mchana Mtaalamu aliingia akiwa na njaa. Akatukuta tumekaa, na kiti cha Kiberiti kiko mezani, mahali pa sahani yake, nzi wanakizunguka.

"Karibu, mume wangu," dada akasema. "Kula."

Akatazama kiti, akanitazama mimi.

"Sasa shemeji... kule kuna tope. Lile langu zito, halafu spea hazipatikani. Hiki chako kinapita popote. Gunia mbili kinabeba na hakilalamiki. Kwa kweli ni pikipiki nzuri sana."

"Na yule mtu wako asiyechagua," nikamuuliza, "ni nani?"

Akajigusa kifua, akainamia viatu vyake.

"Nilitaka nikusaidie tu," akasema.

Nilijitayarisha kukasirika, hasira haikuja. Kilichokuja ni kinyaa, kikubwa kuliko kile cha funza. Funza hawakunicheka.

Dada alimkabidhi mumewe brashi, naye akasugua Kiberiti hadi jioni mbele ya majirani. Fundi wa makochi akanitengenezea kiti upya siku hiyo hiyo, sponji mpya, ngozi mpya, bila nailoni.

Kesho yake mkuu wa jiko alinisimamisha getini. Akainama akanusa kiti, akanusa kreti, akaninusa na mimi. Akamega mkate, akatafuna taratibu.

"Ingiza ndani," akasema.

Watu huniuliza kama pikipiki ya bei rahisi inamfaa anayeanza. Inamfaa. Toa nailoni, na ufunguo lala nao. Na ukimwona mtu anakitukana kitu chako kutwa kucha, usihangaike kukinusa kitu. Mnuse yeye.