Mkono wa Paskalina Msusi

Pale Mtaa wa Swahili, Kariakoo, Paskalina alisifika kwa kusuka akikaza hadi macho ya mteja yanavutika. Ukilia, anakukaripia: "Tulia, ndiyo zinakaa!"

Mwaka 1976 Hyasinta, mteja wake wa miaka mingi, alivua kitambaa akamwonyesha nywele za mbele zilivyonyonyoka.

"Dada, nasikia Ulaya madaktari wanachukua nywele za kisogoni wanazipandikiza mbele."

"Zipandikizwe ili nizing'oe tena?" Paskalina alifoka, ingawa aliyemkasirikia ni yeye mwenyewe. "Kwanza tuziache zipumzike."

Alikataa kumsuka miezi sita. Vinywele laini vikaanza kuchipua juu ya paji la uso.

Tangu hapo, akishika kichwa cha mteja yeyote, Paskalina huuliza kwanza: "Nakuumiza?"