Viatu vya mupira ao mbegu ya maharagi: ile ilitupata Nyabiondo

Wakuu, amani kwenu. Naandika vile ilipita, siongezi chumvi.

Mimi ni mulimaji wa Nyabiondo. Binti yangu Furaha njo gardien, mulinda goli wa ekipe yetu ya mupira ya wasichana.

Msimu huu tuliitwa kucheza mechi Sake. Papa Bahati, mwenye ng'ombe kule juu na kamio za mizigo zinazopita Kashebere, njo mukubwa wa ekipe. Alikusanya wazazi akasema:

"Mutoto asiye na viatu hatapanda kamio."

Binti yake iko na pea ya matope na pea ya jua. Iko na ingine tena, sikuelewa ni ya nini.

Papa Bahati si mutu mubaya. Kwake tu hakuna anayeuliza viatu vinatoka wapi.

Kwetu kitu cha kuuzisha kilikuwa mbegu ya maharagi. Na mvua ilishaanza.

Bibi yangu, mama Furaha, alikaa juu ya gunia la mbegu. "Tukiuzisha hii, kiisha mechi tutakula nini?"

Mimi nilitaka tuuzishe. Tulibishana mpaka chakula kikapoa.

Furaha alikuwa anatusikia. Asubuhi ya safari akatokea amevaa bote zangu za shamba, vile viatu virefu vya matope.

"Papa, walisema viatu. Hawakusema vya namna gani."

Papa Bahati aliangalia bote, akaangalia kamio, akamuacha apande. Wengine wasio na viatu walibaki barabarani. Kati yao Zawadi, yule anayetufungia magoli.

Kule Sake nilisimama pembeni ya tereni ya mupira, miguu wazi mu matope. Papa Bahati akaniuliza, "Papa Furaha, viatu vyako viko wapi?"

"Viko mu goli."

Akaitikia kwa kichwa, kama mutu aliyepewa habari ya kawaida.

Furaha alizuia mipira yote, isipokuwa mumoja. Upande wa mbele, binti wa Papa Bahati aliingia na viatu safi, akatoka navyo safi. Tukapigwa.

Tuliporudi, Papa Bahati alifika kwetu. Alitaka kumununulia Furaha viatu. Bibi yangu akamushukuru, akamuambia, "Anza na Zawadi, Papa. Furaha tayari anacheza."

Akasema ataona.

Bado anaona. Mbegu tulipanda, imeota vizuri. Zawadi hafiki tena trening, siku za trening anabeba mihogo ya mama yake mpaka sokoni. Furaha anamupitia kila mara, anakuta ameshaenda.

Nimejifunza hivi, wakuu. Zamani mutoto akiacha mupira nilikuwa nasema hana moyo wa mchezo. Sasa nauliza kwanza kwao wanakula nini.

Na nyinyi kwenu, mutoto akiomba kucheza, munapunguza nini mu nyumba? Andikeni hapa chini. Wenye hawajawahi kupunguza kitu nao waandike, tunataka kuwasikia.