Mioni Zilizopoteza Hatua

Nilitoka Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi nchini Malawi, kwa sababu ya grafu moja. Maabara fulani ya ng'ambo ilitafuta mtu mmoja wa kuchambua vipimo vyake kwa mtandao, na mimi, mwalimu wa fizikia na wa korali kutoka Bukavu, nilikuwa nimefika usaili wa mwisho: kueleza grafu ya vipimo walivyonitumia. Mtandao wa kambini haukai, basi nikaomba kibali cha siku moja kwenda Lilongwe.

Alfajiri nilipanda kabaza, baiskeli ya abiria, hadi barabara kuu. "Zikomo," nikamshukuru mwendeshaji kwa Kichewa, nikadaka basi. Njia nzima nilitabasamu peke yangu. Jamani, mioni! Chembe inayoishi sehemu mbili hivi za milioni za sekunde! Unazipandikiza ndani ya madini, zote zikitazama upande mmoja. Usumaku wa humo unazizungusha, na kila moja ikifa hurusha chembe nyingine kuelekea ilikotazama. Basi unajua yaliyomo bila kupasua kitu.

Saa mbili asubuhi nilikuwa Kawale, mtaa wa Lilongwe. Mama Neema, fundi cherehani wa Uvira mwenye mtandao dukani, alinipisha mezani. Nilimwonyesha grafu: kwenye joto, mawimbi ya mioni yanaendelea vizuri, kwenye baridi kali yanafifia upesi.

"Hapa mashine ilikosea," nikasema. "Nimeshanyoosha."

"Njo mwalimu ya korali huyo!" akacheka. "Ukiona batu banapoteza hatua, unanyoosha tu. Mi naulizaka kwanza: ngoma inasikika sawa kwa bote?"

Nilisimama wima. Baridi ile ndiyo huyafanya madini yapitishe umeme bila kizuizi, na usumaku ukipenya humo hupita kwa nyuzinyuzi, huku mwingi, kule haba. Kila mioni husikia ngoma yake! Kufifia ndiko kulikokuwa jibu, na mjinga mimi nilikuwa nimelifuta. Nikarudisha vipimo vya awali, nikakokotoa upya.

Saa nne, mama mmoja wa maabara akauliza kwenye skrini, "Kwa nini yanafifia?" Nikamweleza kwa mfano wa korali yetu, hadi miguu inavyopoteza hatua. Akacheka sana.

"Unaanza Jumatatu," akasema.

Mama Neema alipiga vigelegele, akanilisha nsima, ugali wa huku, mpaka nikaomba msamaha.

Jioni nilikuwa Dzaleka, kibali hakijaisha, mazoezi ya korali yameanza. Sauti ya tatu ilikuwa inapoteza hatua kama kawaida. Mwaka mzima nimewafokea. Safari hii nilikwenda kusimama kwenye kona yao, nikatega sikio. Ngoma haikusikika kabisa pale.