Mkalimani wa Baraza la Samuye

Mume wangu alikuwa mkalimani wa boma la Shinyanga, na siku mgeni yule alipofika, homa ilikuwa imemlaza. Bwana shauri, afisa wa Kiingereza wa wilaya, akaja mwenyewe mlangoni kwetu. Alijua kwamba masista wa misheni walinifundisha Kiingereza kabla sijaolewa, na hapakuwa na mwingine wa karibu. Nikamwachia mama mkwe mtoto, nikavaa gauni la kanisani, nikapanda motokaa kwa mara ya kwanza maishani.

Mgeni alikuwa Mzungu mrefu mwenye kikohozi, ametokea Geita kuona machimbo ya dhahabu. Njiani nilimuuliza kazi yake. Alinieleza kwamba alianza kama karani wa ubalozi, akakaa nchi nyingi, akaona kwa macho yake jinsi vita kuu ilivyozuka. Tangu hapo serikali yake ilimtuma kusikiliza watu, kisha arudi kuishauri namna ya kupatana na mataifa mengine. Safari hii habari ilikuwa yetu. Ulaya walikuwa wakizungumzia kuirudisha Tanganyika kwa Wajerumani, naye alitaka kusikia wenyeji wanasemaje.

Tulipofika Samuye, makao ya mtemi, tulimkuta barazani na wazee wake. Mzee mmoja alisema hawezi kuzungumza mambo ya nchi kupitia kinywa cha mwanamke. Mtemi akanigeukia. Aliniuliza mimi, huyu mgeni ni nani hasa?

Kwa Kisukuma sikuwa na neno la mshauri wa mambo ya nje. Lakini wote pale waliwajua wanang'oma, wazee wanaomshauri mtemi na wenye haki ya kumkatalia. Nikasema huyu ni mwanang'oma wa huko kwao. Wazee wakacheka, wakamsogezea kigoda.

“Basi tutasema naye kama mwenzetu,” mtemi akasema. “Na mama huyu aendelee.”

Wakasema mengi. Walitaja viboko vya Wajerumani, na vijana waliobebeshwa mizigo ya vita wasirudi. Waingereza nao hawakusazwa, kwa kodi yao na kwa mashamba yaliyochukuliwa kwa sababu ya dhahabu. Mwishowe mtemi akainama mbele.

“Waambie waliokutuma: sisi si ng'ombe wa mahari, wa kuswagwa kwenda, kisha kurudishwa ndoa ikivunjika. Kabla ya kutukabidhi kwa mtu, watuulize.”

Bwana shauri, aliyejua Kisukuma kidogo, aliniashiria kwa kiganja nipunguze ukali wa maneno. Nyumba yetu ilikula mshahara wa boma. Hata hivyo nikayasema yote kama yalivyotoka, ng'ombe na mahari na kuulizwa. Mgeni akaomba nirudie. Nikarudia kwa sauti kubwa zaidi.

Tukarudi Shinyanga. Mume wangu, angali amejifunika blanketi, alitaka nimsimulie tangu mwanzo. Akasema hajui kama yeye angethubutu. Kazi yake haikuguswa.

Baadaye padri mmoja alituletea habari za mgeni. Alikuwa amesimama mbele ya wakubwa wake huko Ulaya, akawasomea maneno ya mtemi bila kupunguza lolote. Hawakupendezwa, naye akaacha kazi, akaenda kufundisha chuoni. Nilimsikitikia. Lakini usiku ule nilijilaza nikitabasamu gizani, kwa sababu Samuye ilikuwa imesikika Ulaya, na aliyeipeleka ni mimi.